Jiko la Kanyakine

Jumanne, 17 Juni

Nachovya mapazia kwenye majani ya chai tangu asubuhi. Yametoka dukani meupe, yanatakiwa yaonekane yamening'inia miaka mingi juu ya moshi. Sufuria zote mbili zimejaa. Mwenye nyumba amelalamika kuhusu kamba za kuanikia, anasema ua wake hapa Majengo si kiwanda. Nimemwambia ni leo tu. Si kweli.

Michoro ya seti ya filamu imekamilika. Ni jiko la zamani la mbao, lile la kujitenga na nyumba kubwa. Filamu karibu yote iko humo ndani: mke, moto, mlango, mume asiyerudi. Nimechora kuta nne na mmoja unang'oka ili kamera iingie. Kirimi, fundi wetu wa mbao, amesema wiki moja inamtosha kulijenga kwenye ile bohari ya Embu. Hii ndiyo seti yangu ya kwanza kubwa. Nina furaha. Naiandika kwa sababu si kawaida yangu.

Ijumaa, 20 Juni

Mkutano Embu. Hakuna bohari tena. Njiru, ambaye ndiye meneja wa kazi nzima, amesema fungu la ujenzi limekwenda kwa kamera. Tutafute jiko la kweli. Amelisema hilo kana kwamba majiko ya kweli yanaota kando ya barabara.

Mwiti, mwongozaji, hakunitazama. Juzi tu alikuwa ameishika michoro yangu kwa mikono miwili akisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Leo aliweka kikombe chake juu yake.

Mwandishi akinyang'anywa ukurasa anaandika mwingine. Mimi nikinyang'anywa mbao sina kitu.

Jumapili, 22 Juni

Tumezunguka Nkubu, Kanyakine, mpaka karibu na Igoji. Mimi, Mwiti na dereva. Majiko ya siku hizi ni mabati matupu, au matofali na mtungi wa gesi. Ya mbao yaliyobaki ni madogo, ukiingiza kamera mpishi anabaki nje. Moja lilitufaa, ila mwenyewe alitaka awe mume kwenye filamu. Mwiti alimweleza kwamba mume haonekani kabisa. Akafunga mlango.

Nitaandika ukweli. Nilijua tangu mwanzo liliko jiko tunalolitafuta. Nilichora la mama. Dirisha dogo la upande wa migomba, dari ya kukaushia kuni juu ya mafiga, benchi ambalo marehemu baba alilipigilia misumari ukutani ili tusilichukue nje. Nilichora tu mkono ukaenda. Sikutaka kulitaja.

Jioni jua lilipoanza kuzama, Mwiti alikuwa amechoka na amekata tamaa, na mimi nikamwonea huruma. Nikalitaja. Tulikuwa karibu. Alisimama mlangoni pa jiko la mama muda mrefu, kisha akanishika bega. Alisema nimeokoa filamu.

Nilijisikia vizuri. Hilo nalo ni kweli.

Ijumaa, 27 Juni

Timu nzima imekuja kuona. Mama alifunga kitambaa chake cha kanisani na kupika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu wengi kuliko waliokuja. Njiru alimwahidi kwamba kila kitu kitarudishwa kama kilivyokuwa, hata majivu. Mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kimeru. Mama alicheka ile habari ya majivu. Alisema ni jiko tu, watumie, mradi kuku wapate pa kulala.

Kaka yangu Mutuma alipiga simu kutoka Embu, anakofundisha. Ameuliza ni nani aliyeniruhusu. Nimemwambia mama. Akasema baba hakujenga jiko la sinema. Mutuma mwenyewe tangu Pasaka hajafika nyumbani.

Jumatatu, 30 Juni

Tumeng'oa ukuta. Kirimi aliandika namba kwa chaki nyuma ya kila banzi ili ajue pa kulirudisha. Mbao za mti wa muringa, bado ngumu, misumari ilitoka kwa kelele. Mama anapikia jiko la makaa barazani. Hajalalamika.

Mchana mpiga picha akajaribu taa. Tatizo. Masizi. Kuta ni nyeusi mno, zinameza mwanga wote, uso wa mwigizaji unaelea gizani kama hauna mwili. Anataka kuta ziwe za kahawia. Nilimwambia weusi huo ndio ukweli wa jiko. Akajibu, kwa upole kabisa, kwamba kamera haijui ukweli, inajua mwanga tu. Yuko sawa.

Basi tukasugua. Brashi za waya, mimi na vijana wawili wa seti, mpaka jioni. Kisha udongo na jivu, kisha chai iliyokolea juu yake. Masizi ya tangu sijazaliwa yaliteremka ukutani kama vipande vya ngozi. Sasa linaonekana la zamani zaidi kwenye kamera kuliko lilivyokuwa lenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu na nimeifanya vizuri.

Mama alikuja kuchungulia. Aliuliza tu kama lile doa la juu ya benchi nimelitoa pia. Nimelitoa. Ndipo kichwa cha baba kilipokuwa kikiegemea.

Jumanne, 1 Julai

Nimejaribu kulirudisha doa. Mafuta ya kupikia, masizi kidogo, kiganja. Linafanana na doa. Halifanani na lile.

Ijumaa, 4 Julai

Siku njema. Naiandika kabla haijaharibika.

Nkatha, mwigizaji wetu, ni wa mjini kabisa, alishindwa kuwasha moto. Kila mara moshi ulimjaa machoni na Mwiti alilazimika kuanza upya. Mama akatoka barazani bila kuitwa, akapiga magoti kando yake, akamwonyesha jinsi ya kupuliza kutoka chini. Mara ya tatu moto ukashika. Watu wote walipiga makofi. Mama aliona haya akajifunika mdomo.

Chakula cha mchana wakala pamoja, mama na Nkatha, kwenye bakuli moja. Nilikaa mbali nikiwatazama. Nilifikiri, labda hii si mbaya.

Wakati wa kukusanya vitu nilimsikia Mwiti akimwambia Njiru kwamba mwisho wa hadithi umelala. Mke anatoka mlangoni, basi. Alisema anahitaji kitu ambacho mtu hawezi kukisahau.

Jumamosi, 5 Julai

Jiko lichomwe.

Ndivyo alivyosema, kabla hata hatujanywa chai. Mke anawasha moto wa mwisho, anatoka, jiko linaungua nyuma yake kukicha. Aliieleza kwa mikono, macho yakimng'aa. Ni wazo zuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Kama ningekuwa mtu mwingine nikitazama filamu ya mtu mwingine ningelia.

Nilimwambia nitajenga mfano. Mbele tu, ukuta mmoja na paa, chini kule kwenye nyasi za ng'ombe. Nimechora pale pale mezani. Kirimi akahesabu mbao, akasema anaweza. Njiru akatazama ratiba. Nkatha anaondoka Alhamisi kwa kazi nyingine. Hakuna siku za kujenga, na mbao mpya zitaonekana mpya. Nikasema nitazizeesha. Akasema, lini?

Nilikumbusha ahadi ya kurudisha kila kitu. Njiru hakukasirika. Alisema mama atajengewa jiko jipya la mabati, zuri zaidi. Kisha Mwiti akaniambia, "Kendi, wewe ndiye mtoto wa hapa. Itakuwa vizuri ukimwambia wewe."

Nilisema nitafikiria. Hakuna aliyeniomba nifikirie.

Jumapili, 6 Julai

Tumekwenda kanisani, mimi na mama. Alinishikia kitabu cha nyimbo kama nilipokuwa mdogo. Tulirudi kwa miguu polepole, ukungu haukuwa umeondoka. Aliniuliza kuhusu Nkatha, kama ana wazazi. Nikajibu. Tukapita lango, tukapita migomba. Sikumwambia.

Nimefikiria kuacha kazi. Nikiondoka wataleta mwingine, na huyo mwingine atakuja na kiberiti na hatajua jina la mama. Nikibaki, kiberiti ni changu. Nimeigeuza pande zote, sioni tofauti kwa lile jiko.

Mutuma amepiga simu, sijui nani alimwambia. Alipiga kelele. Alisema nikatae. Nilimwomba aje akatae yeye, yeye ndiye mkubwa. Akasema ana mitihani ya kusahihisha.

Jumatatu, 7 Julai

Mama alikuwa anajua. Nkatha alimwambia tangu Jumamosi, akidhani nimekwisha kumwambia. Kwa hiyo jana pale njiani, aliponiuliza kama yule msichana ana wazazi, alikuwa ananipa nafasi.

Nilimkuta anachambua maharagwe. Nilianza kueleza, mfano, mbao, ratiba, jiko la mabati. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Hawa watu wamekuja mpaka hapa. Ni wewe umewaleta. Nitawaambia nini?"

Nilimwambia anaweza kukataa. Wakilazimishwa watafanya ule mwisho wa kwanza, wa mlango, hakuna atakayekufa.

"Na wewe watakuita tena?"

Sijui jibu. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye maharagwe yake. Akasema nihamishe kuku kwanza, wale wa mayai wasishtuke.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Kisha nikaenda kumwambia Njiru kwamba mama amekubali. Njiru alisema asante sana, kwa moyo wote. Nilimchukia na hakuwa amekosea chochote cha kuchukiwa. Alikuwa ameuliza, amejibiwa.

Jumanne, 8 Julai

Kazi ya kulitayarisha. Kirimi amerudisha ukuta, banzi kwa banzi, akifuata namba zake. Kila moja lilikaa pale pale lilipokuwa. Alifanya taratibu kuliko ilivyohitajika.

Nimetoa vyungu, vibuyu, kinu, kamba ya kufungia kuni. Nimeweka badala yake vitu vya kununua vilivyopakwa masizi. Mama hakuomba kitu isipokuwa benchi. Kirimi alijaribu kung'oa misumari ya baba kwa uangalifu wote, ubao ukapasuka katikati. Tulisimama tukiutazama. Mama akasema basi, liacheni, liende na wenzake.

Mwiti alikuja jioni kukagua. Aliingia, akazunguka, akagusa ukuta. Aliniambia ni seti bora kuliko zote alizowahi kufanyia kazi. Nadhani alikuwa na machozi kidogo. Sijui nifanye nini na machozi ya Mwiti.

Jumatano, 9 Julai

Limekwisha.

Tulianza kabla jua halijatoka. Baridi kali. Tangi la maji kando, ndoo zimepangwa, nyasi zimefyekwa kuzunguka jiko. Majirani walikuwa wamearifiwa jana nyumba kwa nyumba, nilikwenda mwenyewe. Wakaja, wakasimama kando ya ua wa michongoma. Mama alisimama karibu yangu amejifunika leso mbili.

Mimi ndiye niliyeonyesha mahali pa kumwaga mafuta ya taa. Naandika hivyo ili nisije nikasema baadaye kwamba ni watu wengine. Dari ya kuni kwanza, kisha pembe ya dirisha, ili moto upande vizuri na ukuta wa mbele uonekane mpaka mwisho. Niliyafikiria kama fundi. Kulikuwa na dakika nzima ambapo sikuwa mtoto wa mtu yeyote.

Nkatha akatoka mlangoni. Moshi nyuma yake. Moto ukashika dari, kisha paa, na ile sauti. Sikuwa nimefikiria sauti. Jiko zima lilinguruma.

Hapo ndipo Mama Makena, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alipokimbia. Alikuwa miongoni mwa wale niliowaeleza jana, na alikuwa ameelewa. Lakini alinyakua ndoo akapita mbele ya kamera, kanga ikiburuta chini, akamwaga maji mlangoni. Aligeuka akatutazama sote tulivyopangwa pale na vyombo vyetu. "Mbona mmesimama tu?" alisema. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Wanawake wengine wawili walikuwa wamekwisha kushika ndoo. Vijana wa Njiru wakawazuia. Mwiti hakusimamisha kamera, moto haurudiwi. Mama Makena aliongozwa pembeni akiwa bado ameishika ndoo tupu.

Paa lilipoanguka mama alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Akasema, "Basi." Kisha akachukua panga akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Alhamisi, 10 Julai

Magari yameondoka. Nkatha alimkumbatia mama muda mrefu. Nimeoga mara mbili, nywele bado zinanuka moshi. Si ule wa jikoni.

Jumamosi, 2 Agosti

Jiko jipya limesimama. Mabati mapya, sakafu ya saruji, linang'aa mpaka barabarani. Njiru ametimiza neno lake, hilo siwezi kumnyima. Mchana ni joto kama tanuri na mvua ikinyesha hamsikiani humo ndani. Mama amelisifu mbele ya mafundi. Kuku ndio wanaolala humo. Yeye bado anapikia barazani.

Nilimwambia naweza kuziba ndani kwa mbao, niliwekee dari, nilichore upya. Nilikuwa na penseli mkononi tayari. Alisema nisihangaike.

Mutuma alikuja. Alisimama kwenye lile eneo jeusi, mikono mfukoni. Nilidhani atanitukana. Aliuliza kama kuna chai.

Alhamisi, 18 Septemba

Mwiti amepiga simu. Uhariri umekamilika. Alizunguka sana, habari za sauti, habari za muziki. Kisha akasema.

Moto hautaingia.

Mama Makena yuko katikati ya picha. Wamejaribu kumtoa, wamekata kabla, wamekata baada, haukubali. Na hata bila yeye, alisema, walipoutazama na wale wanaotoa fedha, wote waliona mlango unatosha. Mke anatoka, basi. Ule mwisho wa kwanza. Alisema ndivyo filamu zilivyo, kitu kinakufa mezani pa uhariri na hakuna wa kulaumiwa. Alisema pole. Alimaanisha.

Nikamwuliza kama mama anajua. Akasema alidhani mimi ndiye nitakayemwambia.

Nimekaa kitandani na simu mkononi mpaka ikazimika yenyewe. Sina hasira. Nimeitafuta. Ningekuwa nayo ningejua pa kuielekeza. Nimefua mapazia yote ya seti, yale ya chai. Hayatakati.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekwenda Kanyakine na kompyuta yenye filamu, baada ya kanisa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama. Lakini nilipofika sebule ilikuwa imejaa. Mama alikuwa amewaalika majirani, viti vimeazimwa, na Mama Makena amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Maneno yangu hayakuwa na pa kusemewa. Nikawasha.

Walitazama kimya. Moto wa Nkatha uliposhika, kama mama alivyomfundisha, walicheka, mama akapigwapigwa begani. Mwanga wa mpiga picha ni mzuri kweli. Kuta za kahawia. Doa langu la uongo lilionekana kidogo tu.

Mwisho ukafika. Nkatha akafungua mlango, akatoka, akapita migomba. Jiko likabaki nyuma yake, kubwa, mlango wazi, ukungu juu ya paa. Likabaki hapo kwa muda. Kisha majina.

Mama Makena aliinamisha kichwa. Nilikuwa nasubiri kuulizwa.

"Imeisha?" mama akauliza.

Nikasema imeisha.

Alifikiri kidogo. "Kumbe huko halikuungua," akasema.

Sikuweza kusoma uso wake. Sijui kama alikuwa amefurahi, au ameelewa tulichomfanyia, au yote mawili. Aliniomba nirudishe nyuma kidogo, pale kabla ya majina. Nikarudisha. Alivuta kiti mbele, akamwita Mama Makena aje akae karibu aone vizuri.

Wakatazama tena, wawili wao. Nikatoka nje kuchemsha chai.